Dereva Aliyeshuka Kupokea Simu

Hakuwahi kupokea simu akiwa ndani ya gari. Wapo madereva wasiopokea wakiwa wanaendesha, na hao ni wachache. Yeye hakupokea hata gari likiwa limeegeshwa yadini na injini imepoa. Simu ikilia, alifungua mlango, akashuka, akaufunga, akasogea hatua tatu nne, ndipo aliposema, "Naam." Mvua ikinyesha, alilowa. Aliyepiga akikata kabla yeye hajapata pa kusimama, alimpigia mwenyewe, amesimama kando ya barabara mkono kiunoni, malori yakimpita na kumrushia vumbi. Madereva wenzake walimwita Taratibu. Walisema hata mkewe akimpigia kumwarifu kwamba nyumba inaungua, moto utaambiwa usubiri kwanza, mtu anatafuta pa kuegesha.

Alikuwa dereva wa kampuni ya kusambaza dawa. Kila asubuhi alipakia maboksi ya vidonge na makasha ya baridi ya chanjo, akayapeleka kwenye zahanati kumi na moja zilizotawanyika nje ya mji, na alasiri akarudi na makasha matupu na salamu za wauguzi. Kwa miaka thelathini na moja hakuwa amemgusa mtu, wala mbuzi, wala ua wa mtu. Hakulisema hilo kwa majigambo. Ila ukimwuliza umri wake, alianza kwanza kuhesabu miaka ya usukani, kisha ndipo akakumbuka kwamba kuna na ile mingine, ya kuzaliwa.

Aliyemjua kuliko wote, pengine kuliko hata mkewe, alikuwa binti wa marehemu kaka yake. Alimchukua akiwa darasa la pili, akamlea pamoja na wanawe, na siku alipohitimu chuo alimtazama ndani ya lile joho jeusi na kumwambia, "Jina lako alikupa babako, silidai. Mimi nakuita Shahada." Jina likamganda. Sasa Shahada alikuwa na miaka arobaini na kitu, ana nywele chache nyeupe juu ya masikio, na bado akiitwa hivyo na mzee huyo aliitika kama mtoto.

Ni yeye pekee aliyeambiwa sababu ya zile safari za kushuka garini. Alikuwa kidato cha pili, wameketi juu ya tairi la akiba wakisubiri pancha izibwe, akamwuliza tu, kama watoto wanavyouliza. Taratibu alijifuta grisi mikononi kwanza.

"Nilikuwa na rafiki, dereva mwenzangu. Tulimwita Msumari, kwa wembamba," alisema. "Simu ndiyo kwanza zimeingia. Nikampigia akiwa njiani. Nilitaka kujua kama jeki yangu iko kwake."

"Kisha?"

"Akasema, 'Ngoja nitazame.' Halafu nikasikia."

"Ukasikia nini, Ba'mdogo?"

"Nikasikia mpaka mwisho. Simu zile zilikuwa ngumu, hazikuvunjika." Aliokota kijiwe, akakitupa. "Jeki nikaja kuikuta chini ya kiti changu mwenyewe."

Hakuligusia tena.

Miaka ikaenda. Shahada akapata kazi katika kampuni ileile, si kwa kubebwa, maana Taratibu mwenyewe hakuwa na wa kumbeba. Alisomea takwimu, na kampuni ilikuwa imeanza kuhitaji watu wa takwimu. Meneja wa magari aliwaita madereva wote kwenye kantini, akawasha picha ukutani. Magari yote yatafungwa kifaa chini ya dashibodi, alisema, chenye laini yake ya simu, na kila dereva atapewa simu janja ya kumwelekeza njia. Gari litajulikana liko wapi, linakwenda kwa kasi gani, limefunga breki kwa nguvu mara ngapi, limesimama wapi na kwa muda gani. "Na hapa ni mwanzo tu," alisema, macho yanamng'aa. "Miaka michache ijayo magari yatakuwa yanazungumza yenyewe kwa yenyewe."

"Yakishaanza kuzungumza, yatadai na posho," akasema dereva mmoja aliyeitwa Kijiko, na kantini nzima ikacheka.

Hawakucheka walipoambiwa kwamba matingo wote, wale wasaidizi wa dereva, wanaachishwa kazi. Kifaa ndicho kitakachokuwa tingo, alisema meneja. Tangu siku hiyo kila dereva alitoka yadini peke yake, akiwa na sauti ya mwanamke ndani ya simu inayomwambia geuka kushoto, geuka kulia, umezidisha mwendo. Madereva walimbatiza Mama Mkwe, kwa sababu anaona kila kitu, haridhiki na lolote, na hajawahi kupakua hata boksi moja.

Shahada aliwekwa kwenye chumba walichokiita chumba cha ramani. Kilikuwa zamani stoo ya matairi na harufu ya mpira haikutoka humo hata walipopaka rangi mara mbili. Palikuwa na meza nne, feni moja, pazia zito la kuzuia jua lisifute skrini. Kwenye skrini ya Shahada kulikuwa na magari kumi, kila moja doa dogo la kijani. Gari likisimama dakika mbili, doa lilikuwa la njano. Zikifika tano, jekundu, na kengele ikalia, na ilikuwa lazima mtu wa ramani achague sababu: kupakua, mafuta, hitilafu, foleni, bila sababu. Zile nne za mwanzo hazikumpunguzia dereva alama. Ya mwisho ilimpunguzia. Dereva aliyepata chini ya sitini katika mia kwa miezi mitatu mfululizo alitolewa kwenye usukani na kupangiwa kazi ya kufungua geti la stoo. Getini palikuwa tayari pana dereva mmoja wa zamani, ameketi kwenye kiti cha plastiki, na kila asubuhi Taratibu alimpungia mkono bila kumtazama machoni.

Mwezi wa kwanza Taratibu alipata hamsini na mbili. Wa pili, arobaini na tisa. Shahada alimfuata yadini akiwa anakagua maji ya rejeta.

"Ba'mdogo, jana umesimama mara kumi na saba."

"Nimepigiwa mara kumi na saba."

"Na nani huyo?"

"Na nyie. Ofisi yenu inanipigia kuniuliza kwa nini nimesimama. Nasimama kuwajibu."

Shahada alicheka, kisha akajikuta macho yana maji. "Weka basi kile kidude cha sikioni. Wenzako wote wanacho. Huhitaji kushika simu."

"Masikio ninayo mawili, Shahada. Akili ninayo moja, na iko barabarani." Alifunga kifuniko cha injini kwa kukisindikiza kwa mikono yote miwili, maana hakupenda kukibamiza. "Mwambie meneja aniondolee chochote. Aninyime likizo. Lakini sitaongea na mtu huku gari linatembea. Na kwenye geti sikai."

"Mwezi ujao ukipata hivihivi watakuweka."

"Basi mwezi ujao nitajua nafanya nini."

Hakujua. Aliyejua ni Shahada. Alikuwa na mwezi mmoja, na mwezi huo kila mara doa la gari namba saba, gari la Taratibu, lilipogeuka jekundu kwenye lile bonde lenye mikaratusi, ambako barabara kuu ina nafasi pana pembeni na Taratibu alipenda kuegesha, yeye aliandika foleni. Mara ya kwanza alitazama meza nyingine. Hakuna aliyeinua kichwa. Na foleni ilikuwa na faida ya ziada: ukishaiandika, kengele ya gari hilo ilinyamaza kwa saa nzima, hata gari lisimame vipi, maana mfumo ulijua foleni za mji ule. Mwezi ulipokwisha Taratibu alikuwa na alama sabini na moja. Alileta nyumbani soda za kila mtu. Mama mdogo akamtania Shahada mezani, "Mwanangu, mume wangu kapata alama nzuri, sijui nimpeleke kidato gani." Taratibu akacheka mpaka akakohoa. Shahada naye alicheka, akasogeza sahani kando.

Aliendelea hivyo miezi minne. Hakujiona mwongo. Alijiona mtu anayetafsiri, kwamba mzee anasimama kwa sababu njema na mfumo hauna kisanduku cha sababu hiyo, basi anampa iliyo karibu.

Asubuhi moja simu yake ya mezani ikalia. Alitazama skrini: gari namba saba limesimama. Ni yeye.

"Shahada, huyu Mama Mkwe wako kaamka vibaya. Ananitoa barabara kuu, ananiambia nipite njia ya machimbo."

"Njia ya machimbo?"

"Ile ya zamani ya wavunja mawe. Nyembamba, gari mbili hazipishani. Kijiko naye kaambiwa hivyohivyo jana. Kuna nini bondeni?"

Shahada alifungua kurasa za mfumo ambazo yeye ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuzifungua. Mfumo ulikuwa umejifunza. Bonde la mikaratusi, ulisema, lina foleni asubuhi nne katika tano, tangu miezi minne iliyopita. Kwa hiyo ulikuwa umetafuta njia nyingine, na ukaipata kwenye ramani, mstari mwembamba wa kijivu usio na gari hata moja. Ramani haikuonyesha makalavati yaliyoliwa na maji wala kingo za udongo mtupu. Foleni yote ile ilikuwa ya mtu mmoja, amesimama kando ya barabara iliyo wazi, mkono kiunoni, akisema naam.

"Shahada? Upo?"

"Nipo."

"Nipite barabara yangu?"

Angeweza kusema ndiyo. Dereva aliyeacha njia aliyopangiwa alikatwa alama kumi kwa mara moja, na safari hii hakukuwa na kisanduku cha kumficha. Angeweza kwenda kwa meneja kufuta zile foleni, na meneja angeuliza nani aliziandika, na kwa ajili ya nani. Angepoteza kazi yeye, na mzee angekwenda getini siku hiyohiyo.

"Ifuate tu, Ba'mdogo," alisema. "Kwa muda. Nitalishughulikia."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Alikuwa na mpango. Kama mfumo uliamini foleni za bondeni, utaamini na za machimbo. Ataandika foleni huko mpaka uchoke uwarudishe barabara kuu. Ilikuwa hesabu sahihi. Ilihitaji wiki sita au saba, na mvua zilibakiza tatu.

Mvua zilipoanza, Kijiko alikuja mpaka mlangoni mwa chumba cha ramani, viatu vimejaa tope, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nyie wa kwenye feni, ile njia mmeiona kwa macho au kwa kidole?" Wote wakacheka, Shahada pia. Siku hiyo alikwenda mpaka mlangoni kwa meneja. Meneja alikuwa anazungumza na watu wa bima, mlango uko wazi, wanapongezana kwamba tangu vifaa vifungwe hakuna gari lililogongwa. Akarudi mezani kwake.

Taratibu hakulalamika tena. Jioni alipita nyumbani kwa Shahada, akavua viatu nje, akavigonga tope ukutani. Mara moja tu alisema, bila kumtazama, "Pale kwenye kalavati la tatu pananitia wasiwasi. Ukingo unasogea kila siku. Lakini nakwenda polepole."

"Wiki mbili tu, Ba'mdogo."

"Sijakuuliza, mwanangu. Nasema tu."

Ilikuwa Jumatano, mvua imenyesha usiku kucha na asubuhi imekatika. Saa tatu na dakika kumi na nne doa la gari namba saba liligeuka njano kwenye njia ya machimbo. Zikafika dakika tano, likawa jekundu, kengele ikalia. Shahada alikuwa na kikombe cha chai mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alichagua foleni, na moyoni aliona afadhali, maana ilikuwa ya ishirini na tatu, na zikifika arobaini au hamsini mfumo ungeanza kugeuka. Alidhani mzee kapigiwa simu. Kengele ikanyamaza. Akamalizia chai.

Gari halikugonga kitu. Kama lingegonga, kifaa kingejua. Kilijua kishindo, kilijua breki, kilijua mwendo wa kasi. Ukingo wa kalavati la tatu ulimeguka chini ya tairi la nyuma, na gari likalala ubavu polepole, kama ng'ombe anavyolala, likateremka mtaroni. Taratibu alikuwa amefungua mlango aruke. Mlango ukamrudia, na gari likaja juu ya mlango. Kifaa kilihesabu gari lililosimama.

Saa nne na dakika kumi na saba kengele ililia tena. Saa nzima ilikuwa imepita, na doa halikuwa limesogea hata unywele. Shahada aliita simu ya gari. Iliita mpaka ikakatika. Akaita tena. Mara ya nne ikapokelewa na mwanamke, anahema.

"Haloo? Nyie ndio wenye hili gari la dawa?"

"Ndiyo. Mpe dereva simu, tafadhali."

"Dada, dereva yuko chini ya gari. Miguu na kiuno hivi. Simu imelia muda, niliogopa kuishika, si yangu. Sisi ni wavunja mawe, tumemsikia anagonga bati. Tumejaribu kuliinua, tuko wanawake sita, halinyanyuki."

"Anaongea?"

"Anaongea. Anatuambia tutoe kwanza makasha ya chanjo kwenye maji."

Walimtoa saa tano na nusu, kwa jeki mbili za lori la mawe.

Hospitali ilimweka wodi ya wanaume, kitanda cha pembeni chini ya dirisha lisilofunga vizuri. Mifupa haikuwa shida kubwa, walisema. Shida ni figo, maana nyama ikibanwa muda mrefu inatoa sumu, na sumu inakwenda kwenye figo. Muuguzi mmoja, mtu mwema tu anayebadilisha chupa ya maji, alisema bila kufikiri, "Angetolewa mapema hata kwa saa moja, tungekuwa tunaongea mengine." Mama mdogo aliitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mtu akiambiwa hali ya hewa. Shahada alishika nguzo ya kitanda.

Kazini hakuna aliyemwuliza. Ripoti ilikuwa nzuri: dereva alifuata njia aliyopangiwa, hakuzidisha mwendo, alisimama kwa sababu ya foleni, barabara ikameguka. Watu wa bima walisaini. Meneja alimpa Shahada pole, akamwambia achukue siku anazotaka, na kwamba rekodi ya mzee imebaki safi. Alama zake za mwezi ule zilikuwa themanini na nne, za juu kuliko za dereva yeyote.

Siku ya nane mama mdogo alikwenda nyumbani kuoga, wakabaki wawili. Uso wa Taratibu ulikuwa umevimba na macho yamekuwa madogo, lakini alikuwa na akili zake. Shahada alivuta stuli. Alikuwa amekaa siku saba akitafuta namna ya kuanza, na alipoanza, ilitoka yote bila mpangilio: visanduku, bonde la mikaratusi, miezi minne, jinsi mfumo ulivyojifunza kutoka kwake, kikombe cha chai. Alimwambia na ile saa moja. Alimwambia kwamba kengele ililia na yeye ndiye aliyeinyamazisha.

Taratibu alisikiliza akitazama dari. Shahada alingoja amfukuze, au amsamehe, na hakujua kipi kingemwumiza zaidi. Jirani wa kitanda cha pili alikuwa anakoroma. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, matone yakiingia kwa ule upenyo wa dirisha na kulowesha shuka upande wa miguu, na mzee hakuyasikia.

"Maji," alisema hatimaye. Shahada alimnywesha kwa kijiko, mara tatu. Cha nne alikikataa kwa kufumba mdomo.

Akageuza kichwa taratibu mpaka akamwona, akamtazama kwa muda, kama anayekagua gari kabla ya kulitoa yadini. Shahada alidhani atamwita jina.

"Kijiko na wenzake," akasema, "leo mmewapitisha wapi?"